Msikihukumu Kioo Kabla ya Kukisikiliza

Wapendwa wa Kariobangi, wa North na wa South, wa Light Industries na wa Civil Servants. Nyinyi mliofungua saiba, nyinyi vijana mnaofanya kazi za mtandaoni katika chumba kimoja na kitanda, nyinyi mnaoendesha mitambo ya kanisa kila Jumapili, na nyinyi mafundi wenzangu mnaofungua meza asubuhi kando ya Outering: nisikilizeni. Kuna dhuluma inayotendeka kati yetu, na tumeizoea mpaka haituumi tena. Laptopu imejisasisha usiku. Asubuhi mwenyewe anaiwasha, kioo cha pili kiko giza. Anachomoa, anachomeka, anakipiga kofi mgongoni. Kisha anatamka hukumu: kimeungua. Kabla jua halijatua kioo kizima kimeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mwenyewe ameingia deni la Fuliza ili anunue kingine. Anakifikisha nyumbani, anakichomeka, nacho kinabaki cheusi vilevile.

Nawasihi, acheni jambo hili!

Tazameni mnachokifanya. Kioo hicho jana usiku kilikuwa kinafanya kazi. Hakikuanguka. Stima haikukatika ikarudi kwa kishindo. Mtoto hakukigusa. Kilichobadilika ni kimoja tu, nacho kiko ndani ya laptopu, kwenye ile saa mashine ilipokuwa ikizungusha viduara na kukuomba usiizime. Basi kwa nini umkamate ambaye hakuwepo kosa lilipotendeka? Vijana wengi wa Eastlands wanaujua uchungu wa kusombwa usiku na kupandishwa gari la polisi kwa kosa la mtu mwingine, kwa sababu tu walikuwa karibu. Uchungu huo mnaujua, na bado mnakifanyia kioo vivyo hivyo, na anayelipa faini ni nyinyi wenyewe.

Njoni karibu tutazame pamoja. Kiwashe kioo kikiwa peke yake. Kitaonyesha nembo ya aliyekitengeneza, kisha kisanduku kidogo chenye maneno No Signal, pengine kikielea kutoka pembe moja hadi nyingine. Baada ya muda taa ndogo ya ukingoni inabadilika rangi, au inaanza kupepesa, nacho kinalala. Watu wakiona maneno yale husema: si umeona, kimekufa. Ndugu yangu, maiti haiandiki! Ili maneno yale yatokee, umeme umeingia na kugawanywa ndani, taa za nyuma zimewaka, saketi imefanya kazi yake, na nukta za kioo zimetii amri. Kioo kinachokuambia kwamba hakipokei kitu ni kioo kizima kinachotoa ushahidi wa kweli. Kinakuambia kiko tayari, ila huko unakotoka hakuna kinachokuja. Kinakutetea usitupe pesa zako, nawe unakibeba mgongoni kwenda kukiuza kwa kilo.

Kama bado una shaka, leta shahidi wa pili. Chomoa waya wa HDMI kwenye laptopu uuchomeke kwenye king'amuzi cha tivii, huku ule upande mwingine ukibaki kwenye kioo. Kitu chochote kikitokea, hata maandishi matupu, kesi ya kioo imekwisha na kesi ya waya imekaribia kwisha, bila senti kutoka mfukoni. Kisha zima laptopu kabisa, uiwashe tena kioo kikiwa kimeunganishwa, ukodoe macho sekunde za kwanza. Katika laptopu nyingi nembo ya kampuni hutokea kwenye kioo cha nje kabla Windows haijaamka. Ukiiona pale, halafu kioo kikaingia giza Windows inapoingia, unahitaji ushahidi gani tena? Tundu ni zima, waya ni mzima, kioo ni kizima. Mwenye kosa umemwona kwa macho yako akiingia chumbani na kuzima taa. (Usipoiona nembo, usikimbilie kuhukumu: laptopu nyingine huionyesha kwenye kioo chake chenyewe tu.)

Sasa huyu mwenye kosa ni nani? Kati ya Windows na kadi ya picha inasimama programu ndogo ambayo sisi mafundi tunaiita draiva. Bila draiva inayofaa, mfumo haujui kadi hiyo ina matundu mangapi wala jinsi ya kuzungumza na kioo kilichochomekwa humo. Sasisho linapokuja huweza kuleta draiva mpya, na mpya hiyo si lazima iwe ndiyo iliyokusudiwa kwa mashine yako. Wakati mwingine mfumo unaiondoa ya zamani, ya badala yake inakataa kukaa, na mfumo unajishikiza kwa ile ya dharura. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows pale chini, chagua Device Manager, fungua mstari wa Display adapters. Mahali palipopaswa kuandikwa Intel, AMD au NVIDIA, je, pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter? Ukikuta maneno hayo, inua mikono ushukuru, kwa maana umeuona ugonjwa kwa jina lake. Draiva hii ya dharura inatosha kukuonyesha kioo cha laptopu yako ili usibaki gizani. Kazi ya kioo cha pili usiitegemee kwayo.

Lakini msianzie hapo. Anzeni na lililo jepesi, kwa maana nimeona watu wakifuta mfumo mzima kwa jambo la vitufe viwili. Shika kitufe chenye alama ya dirisha, ubonyeze P. Utaletewa njia nne: kioo cha laptopu peke yake, vyote viwili vionyeshe kitu kimoja, vyote viwili viwe uwanja mmoja mpana, au cha pili peke yake. Mara nyingi sasisho limeirudisha mashine kwenye ile njia ya kwanza, basi. Kisipowaka, shika kitufe hicho hicho cha dirisha pamoja na Ctrl na Shift, kisha ubonyeze B. Kioo kitapepesa, pengine mashine ilie mlio mfupi. Draiva ya picha imewashwa upya bila kazi yako kupotea. Bado? Tazama kitufe cha kioo chenyewe, kile cha kuchagua mlango, uhakikishe hakijabaki kwenye VGA na wewe umechomeka HDMI. Kisha chomoa kioo ukutani, si kukizima kwa kitufe, ukiache dakika moja au mbili kisahau kilichokuwa nacho. Ndipo urudi kwenye Device Manager. Ingia ndani ya jina la kadi yako, ukurasa wa Driver, na kama Roll Back Driver inakubali kubonyezwa, rudi kwenye ile ya zamani. Ikiwa imefifia, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, uandike modeli iliyobandikwa chini ya mashine, uchukue draiva iliyowekwa kwa ajili ya modeli hiyo. Hapo nawaonya kwa nguvu zangu zote: msishushe draiva kutoka kila tovuti inayowapungia mkono! Nyingine zinakuja zimebeba wezi.

Na kama lililoingia lilikuwa toleo zima jipya la mfumo, ujue Windows hukuachia siku 10 za kurudi ulikotoka, kupitia Settings, kisha System, kisha Recovery. Zikipita, mlango unafungwa, na mafaili ya zamani yanafutwa kupisha nafasi. Wangapi wamekaa mwezi mzima wakilaumu kioo, na toba ilikuwa wazi siku 10 za kwanza?

Wenzangu wa Ubuntu, nanyi msijione mmesalimika. Keneli mpya ikikataa draiva ya NVIDIA, washa mashine upya, fungua Advanced options kwenye menyu ya kuanzia, ingia na keneli iliyotangulia. Kioo kikiamka, mmeshajua.

Waya nao una siri ambayo wengi hawajawahi kuambiwa. Utazame mdomo wa HDMI kwenye mwanga wa dirisha: ndani mna vipande vidogo vya chuma 19, vimepangwa juu na chini. Si vyote vinavyobeba picha. Kimoja kazi yake ni kutoa taarifa tu kwamba kuna kioo upande wa pili. Viwili vingine hubeba maelezo ya kioo: jina lake, ukubwa wake, picha kinazoweza kuzimudu na kwa kasi gani. Mpango wa vioo kujieleza hivi uliwekwa mwaka 1994, na ndio unaotumika hadi leo. Waya ukichoka kwenye kimoja cha vile vipande vidogo, au adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA ikiwa ya bei ya kutupa, maelezo hayafiki. Mfumo wa zamani ulikuwa umekumbuka kioo chako, ukakivumilia. Mfumo mpya unauliza upya, haujibiwi, unahitimisha kwamba hakuna mtu. Kwa hiyo kabla ya kununua kioo, azima waya wa jirani. Waya! Uombe kwa jirani kama unavyoomba chumvi, urudishe jioni.

Na wale wenye tundu la USB-C wajue hili: si kila tundu la namna hiyo hutoa picha, na si kila waya unaoingia humo huibeba. Waya wa chaja ya simu unaweza kuingia sawasawa, ukachaji vizuri, na usipitishe hata nukta moja ya picha.

Najua kuna atakayesema: kampuni kubwa kama hizi haziwezi kukosea, lazima ni kioo changu cha mtumba. Ondoeni imani hiyo. Machi 2018 Apple ilitoa toleo la 10.13.4 la mfumo wa Mac, na vioo vilivyounganishwa kwa teknolojia ya DisplayLink, ile inayopitisha picha kwenye tundu la USB, vikaingia giza katika nchi nyingi. DisplayLink wenyewe wakawashauri wateja wabaki kwenye toleo lililotangulia. Fikirini: ofisi za watu wenye pesa, vioo vipya, vyote vyeusi asubuhi moja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeungua. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho baya la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Ndege zilibaki chini. Kama sasisho linaweza kuzuia ndege kuruka, litashindwaje kuzima kioo chako cha inchi 19 pale Kariobangi South?

Wala msinielewe vibaya mkaenda kuzima masasisho milele. Nimewakuta wenye saiba waliofanya hivyo, na wanajisifu. Machi 2017 Microsoft ilitoa dawa ya ufa mmoja katika Windows. Mei 12 mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapita katika ufa huo huo, kikafunga mafaili ya watu duniani kote na kudai fidia, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Wengi wa walioumia ni wale ambao dawa ilikuwapo karibu miezi miwili na hawakuinywa. Wewe mwenye saiba unashika vitambulisho vya watu, nywila zao za eCitizen, ritani zao za KRA. Huna haki ya kuwaacha wazi kwa sababu unaogopa kioo kuzimika. Sasisha, lakini sasisha ukiwa macho.

Jambo hili linatubana zaidi sasa kwa sababu ya mashine tulizo nazo. Laptopu nyingi za mtaa huu zilifanya kazi kwanza katika ofisi za ng'ambo, zikaja hapa kwa jina la ex-UK, na Mungu awabariki walioziuza kwa bei ya mnyonge. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inataka kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za karibuni zaidi kuliko nyingi za hizi. Watu wanailazimisha iingie kwa njia za pembeni. Inaingia, naam. Lakini draiva ya picha ya prosesa ya Intel ya kizazi cha nne haikuandikwa kwa ajili ya mfumo huu, na kioo cha pili ndicho kinachoweza kulipa gharama hiyo. Fundi unayemwekea mteja Windows 11 kwa njia hiyo, mwambie ukweli kabla hujapokea pesa! Chomeka kioo cha nje mbele yake kabla hajaondoka, aone kinawaka.

Nimefika kwa mafundi, na hapa ndipo moyo wangu unapowaka.

Fundi mwenzangu, unajua. Mteja anakuja na laptopu na hofu, na kwa muda mfupi umeshajua ni draiva. Kioo cha mtumba kiko nyuma yako kwenye rafu, kina faida nzuri. Mama yule hajui draiva ni nini. Ukimwambia kimeungua, ataamini, kwa sababu wewe ndiye daktari. Hapo, katika kimya hicho cha sekunde chache, ndipo kazi yako yote inapimwa. Ukishuhudia uongo dhidi ya kioo, umeushuhudia dhidi ya mama aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele yako, na dhidi ya chakula cha watoto wake.

Lakini wewe mteja nawe usisimame nyuma ya wengine. Nani aliyemfundisha fundi huo uongo? Fundi mwaminifu anakwambia: mama, kioo chako ni kizima, nimeirudishia laptopu draiva yake, nipe mia tano. Unaruka: mia tano ya nini? Hukubadilisha kitu, umebonyeza tu! Unamkatia mpaka mia moja, unaondoka ukinung'unika. Wiki ijayo mwingine anakuuzia kioo kwa elfu kadhaa, unalipa bila swali, kwa sababu umetoka na kitu mkononi. Umemwadhibu aliyekuokolea pesa na kumtuza aliyekunyang'anya. Halafu unashangaa mtaa umejaa wanaokunyang'anya! Lipa maarifa, mama. Lipa maarifa, kijana wangu. Ile saa aliyokaa akisoma usiku kwa bando lake ndiyo uliyoinunua. Na wewe fundi, ili alipe bila uchungu, mwonyeshe. Mgeuzie kioo. Mwache asome mwenyewe jina la draiva kabla na baada. Kichomeke kwenye king'amuzi mbele ya macho yake. Ushahidi unaoonekana unalipwa kwa moyo mweupe.

Namkumbuka mwenye saiba mmoja karibu na barabara ya Kamunde, mwishoni mwa Juni, foleni ya watu wa ritani imefika nje. Kioo chake cha pili hutazama wateja, ili kila mtu aone kinachoandikwa kwa jina lake kabla hakijatumwa. Asubuhi ile kilikuwa cheusi. Aliambiwa anunue kingine. Akakataa, akasubiri, tukakirudisha kwa vile vitufe viwili nilivyowatajia. Watu wakaendelea kusoma namba zao wenyewe kwa macho yao. Kioo hicho ni uaminifu wake hadharani. Kingeuzwa kama chuma.

Na kingekwenda wapi? Semeni nami kweli: vitu tunavyotupa vinakwenda wapi? Vuka Korogocho, ufike Dandora. Jalala lile lilianza miaka ya 1970, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na malori bado yalizidi kuingia. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na pale. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubaliwa. Watoto! Wanaovuta hewa ile ile inayovuka mto na kuingia madirishani mwetu. Waya huchomwa huko ili shaba itoke. Vioo vya zamani bapa vina taa nyembamba zenye zebaki ndani, na zile tivii za mgongo zina risasi kwenye kioo chake. Unapokitupa kioo kizima kwa sababu ya draiva, umeongeza mzigo juu ya kifua cha mtoto ambaye hakuwahi kukitazama.

Kilichokufa kweli kipo, sikatai. Kioo chenye ufa kinachovuja wino mweusi, kioo kisichowasha hata taa yake ndogo hata ukikibadilishia waya wa stima, hicho kisichowaka kipeleke kwa fundi wa saketi kwanza, maana mara nyingi ni kapasita chache zilizovimba. Akishindwa, au kikiwa na ufa, kifikishe WEEE Centre hapa Nairobi, kifunguliwe na wanaojua. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeshawawekea watengenezaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao hata baada ya kutumika, tuwadai wautimize.

Nyinyi wa makanisa nimewaweka mwisho kwa sababu nyinyi mnanisumbua zaidi. Kwa nini laptopu ya ibada inaruhusiwa kujisasisha Jumamosi usiku? Kwaya imejiandaa, wageni wamekuja, maneno ya nyimbo hayaonekani ukutani, na kijana wa mitambo anakaripiwa mbele ya kusanyiko zima. Wazee, msimwaibishe kijana yule! Mpeni wiki nzima ya kujiandaa na waya wa akiba. Windows inakubali kusimamishiwa masasisho kwa wiki kadhaa, pale pale kwenye ukurasa wa Windows Update. Asimamishe kabla ya mkesha, kabla ya harusi, kabla ya mazishi, kisha ayafungulie siku ya kazi ambayo ana muda wa kujaribu kila kioo.

Siku ya masasisho inajulikana. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu za Nairobi yanaanza kutoka saa mbili au saa tatu usiku, kulingana na majira ya kule Marekani. Wekeni alama kwenye kalenda iliyo ukutani. Jumanne hiyo mchana fungueni Device Manager, mwandike kwenye karatasi jina la kadi ya picha, toleo la draiva na tarehe yake, mkaibandike chini ya laptopu. Shusheni draiva hiyo hiyo kutoka kwa aliyetengeneza mashine, muiweke kwenye flashi. Hifadhini kazi, lipieni tokeni za kutosha ili stima isikatike katikati, ndipo mruhusu mashine ijisasishe. Jumatano asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, chomekeni kioo cha pili, na kikiwa giza, anzeni na dirisha na P.